Neno la Mjerumani na Kitanda cha Mvule

Mwaka wa 1962 nilikuwa na miaka kumi na minne, na ndipo shida ilipoanza. Ziwa lilipanda likaingia shambani, halafu likaingia nyumbani. Nyumba yetu ya udongo ilikaa ndani ya maji kama mkate ndani ya chai, mwishowe ikalala chini. Baba alishikwa na homa siku hizo hizo na hakuamka tena. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza cheti kiko wapi. Cheti hakuna, na sijawahi kukitafuta.

Nilikuja Kisumu kwa miguu, nikapata pa kulala mtaa wa Obunga kwa dada ya baba. Nilibeba magunia sokoni. Nilichimba mitaro. Nilichunga ng'ombe wa mtu aliyekuwa mkali kuliko ng'ombe wake. Ilikuwa 1965 nilipoingia kwa Mjerumani, na kwake nilikaa mpaka alipoondoka nchi hii.

Alikuwa seremala, mzee mwembamba, mjane, mwenye karakana nyuma ya maduka ya Wahindi, karibu na reli. Alikuwa ameishi Tanganyika kabla ya kuja kwetu, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Sisi Wajaluo wakati huo tulikuwa tunakisukuma Kiswahili kama mkokoteni. Yeye alikipanda. Lakini akikasirika alirudi kwa lugha ya mama yake, na hapo ndipo nililisikia hilo neno mara ya kwanza.

"Unajua kazi?" aliniuliza.

"Najua, Mzee."

"Kazi gani?"

"Yoyote."

"Anayejua yoyote hajui hata moja." Akageukia benchi lake. "Ungelernt."

Nilidhani ametukana mama yangu. Ningekuwa nimekula siku hiyo, ningemjibu. Nilikuwa na njaa, basi nikachukua ufagio.

Baadaye nilikuja kujua kwamba lile halikuwa tusi. Ilikuwa ni mahali. Kwa Mjerumani, watu wa kazi walikaa kwenye ngazi tatu. Chini kabisa ni ungelernt, mtu ambaye hajajifunza kitu: anafagia, anabeba, anashika mwisho wa ubao mwenzake akipasua. Juu yake ni angelernt. Huyo ameonyeshwa. Ameonyeshwa kupiga randa, anapiga randa vizuri, lakini ukimtoa kwa randa amekwisha. Na juu ni gelernt, aliyejifunza kazi akaimaliza, kutoka gogo mpaka mteja anaposema asante.

Alipenda hilo neno vile watu wengine wanapenda tumbaku. Tulikuwa tukinunua chapati kwa jirani, anatafuna polepole, anasema, "Huyu mpishi ni angelernt. Ameonyeshwa chapati. Usimwombe wali." Akiona mtu amefunga mzigo vizuri juu ya baisikeli, anasimama barabarani anamtazama mpaka mtu anaogopa. "Gelernt," anasema, anaendelea na safari yake.

Mimi nilikuwa na maswali mengi kwa sababu sikuyamalizia shuleni. Siku moja nilimuuliza kama mwalimu ni gelernt.

"Hapana. Mwalimu ana neno lake, gelehrt. Huyo amejaa vitabu. Gelernt amejaa kazi."

"Nani mkubwa?"

"Ukivunjikiwa na kiti utamwita nani?"

Nikamuuliza tena habari ya ng'ombe wa kulima. Ng'ombe aliyefundishwa plau si amejifunza? Mzee alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa kwa aproni. Akasema mnyama hapewi neno hilo hata akilima mistari iliyonyooka kama reli, kwa sababu mnyama hawezi kukataa kazi mbovu. Mtu gelernt anaweza. Mteja akimwambia aweke mbao mbichi, anasema hapana, na mteja akienda, aende.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa la kaka yake. Aliniambia huko kwao kaka yake ni mwokaji mikate, gelernt. Nikasema basi anauza mikate. Akasema hapana, anaendesha treni.

"Kama anaendesha treni, Mzee, si ni dereva?"

"Anaendesha treni. Lakini ni mwokaji."

"Tangu lini hajaoka?"

"Tangu vita."

Hilo nililielewa kwa njia ya nyumbani. Mtu anaweza kukaa Nairobi mpaka meno yaishe, lakini ukimuuliza wa wapi atakutajia kijiji cha babu yake. Neno la Mjerumani lilikuwa hivyo. Ukilipata limekushika, hata ukienda kufanya mengine. Yeye mwenyewe alichukua baisikeli yangu siku moja, miaka mingi hajapanda, akazunguka karakana mara moja wima kama askari, akashuka anahema. "Gelernt ist gelernt," akasema. Kilichojifunzwa kimejifunzwa.

Kiswahili chetu kina neno fundi, na ni neno zuri, lakini Kisumu kila aliyeshika nyundo ni fundi. Mimi mwenyewe watu wa Obunga waliniita fundi kabla sijaweza kunoa patasi. Nilitembea na hilo jina kifua mbele. Nikifika karakana naliacha mlangoni, kwa sababu ndani nilikuwa angelernt, na miaka ilikuwa inapita.

Sasa ndani ya miaka hiyo nikampenda binti. Aliuza samaki wa kukaushwa karibu na geti la soko, na aliishi na baba yake kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa na ulimi. Ukimwambia samaki ni mdogo, anakuambia mkubwa yuko ziwani, nenda umwite. Nilinunua samaki mpaka shangazi akauliza kama nina paka.

Kwetu mwanamume hajipeleki mwenyewe kwa baba wa msichana kumwonyesha uso. Anatuma jagam, mtu wa katikati, anayezijua familia zote mbili. Wangu alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Alikwenda kumwona mtu wa reli, akala, akarudi na jibu.

"Amesema hana ubaya na wewe," aliniambia. "Lakini binti yake haolewi na kibarua wa kuonyeshwa kazi. Siku Mzungu wako akifunga duka, utarudi kwa magunia. Upate kazi yako mwenyewe ya mikono, halafu nirudi."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Mzee wa reli hakujua Kijerumani, lakini alikuwa amenipima kwa ngazi zile zile tatu na kunikuta kwenye ile ya katikati. Kwa hivyo neno moja lilikuwa limesimama kati yangu na mke, na mwenye kulitoa alikuwa mmoja tu.

Mwaka wa 1971 Mjerumani alituambia kwamba anarudi kwao. Mvua za masika zikiisha ataenda kwa dada yake, kwa sababu magoti yamekataa. Nilikwenda kwake asubuhi hiyo hiyo.

"Mzee, ukiondoka utaniacha nikiwa nani?"

Alijua ninachouliza. Kwao kuna desturi: mtu akitaka kuitwa gelernt anapewa kitu kimoja akitengeneze peke yake. Hakuna mwingine kushika. Na mwisho lazima mteja akipokee. Kitu ambacho mteja amekikataa, alikuwa akisema, si kazi, ni kuni.

"Kuna kitanda kimeagizwa," akasema. "Mvule. Mtu wa reli anamtengenezea mke wake, kitaenda nyumbani Sondu. Nilitaka kukifanya mimi. Kifanye wewe."

Watu wa reli Kisumu walikuwa wengi kama mabehewa. Sikuuliza ni yupi. Jina la mteja lilikaa kichwani kwa mzee, mimi nilipewa urefu na upana kwa chaki juu ya ubao. Hilo lilikuwa kosa, na wala silioni kuwa langu.

Kile kitanda nilikifanya kwa njia yake, bila msumari. Kila ubao una ulimi wake unaoingia kwenye tundu lake, halafu kabari inagongwa kufunga. Mvule ni mti wenye kiburi, ukiuharakisha unapasuka mbele ya watu. Mzee alipita nyuma yangu mikono mgongoni, hasemi kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko matusi yake. Nilipomaliza akazunguka kitanda, akakisukuma kwa goti.

"Kitanda hakipimwi kwa macho," akasema. "Lala. Geuka. Sikiliza kama kinalia." Akaenda nyuma kuchemsha kahawa yake.

Nililala chali juu ya zile mbao. Nikageuka huku, nikageuka kule. Kimya. Nikafumba macho nikamwona yule binti wa samaki ameshakuja kwangu.

"Fundi, umechoka au umekufa?"

Nikafumbua macho. Alikuwa mwanamume mpana, koti la reli begani, uso wa kucheka.

"Sijafa, Mzee. Napima kitanda."

"Cha nani?"

"Cha mama mmoja huko Sondu. Bwana yake ni mtu wa reli, anaonekana anampenda sana."

"Ndiye mimi huyo."

"Basi Mzee, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Nimekilalia kwanza mimi mwenyewe, nimegeuka kila upande. Hakilii."

Alicheka, akaketi ukingoni mwa kitanda, nami nikaketi kando yake. Tulikuwa kama watu wa rika moja.

"Mama mwenyewe ni mzito," akasema. "Si kama hawa wa mjini wanaokula mkate."

"Mzee, hata walale ng'ombe wawili, kitanda hiki hakitasema neno."

Akanipiga begani kwa furaha. Sasa, Wajaluo wawili hawawezi kuketi pamoja muda huo wote bila kuulizana watu. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia. Akauliza kwa nani. Nikamtajia baba, na baba yake baba. Nikaona kicheko chake kinarudi nyuma kidogo kidogo, kama maji yanavyotoka ufukweni.

"Kuna kijana wa pande hizo," akasema polepole, "alituma mtu kwangu. Habari ya binti yangu. Niliambiwa ni kibarua wa Mzungu mmoja wa mbao."

Nikajisogeza mwisho wa kitanda.

"Binti yako, Mzee, ni yule wa samaki? Karibu na geti la soko?"

"Shuka kitandani," akasema.

Tulisimama wote wawili, ingawa yeye hakuna aliyemwambia.

Msomaji ambaye si wa kwetu lazima nimweleze. Kwa Mjaluo, mama wa mke ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Hulali katika nyumba yake hata mvua inyeshe mawe. Na kitanda chake, kitanda chenyewe, hukitazami. Mimi nilikuwa nimekilalia, nimegeuka kila upande, halafu nikazungumza habari ya uzito wake na ng'ombe wawili.

Mjerumani akatoka na kikombe chake.

"Mbona mmesimama kama mmeona nyoka?"

Mzee wa reli alimweleza. Alieleza kwa adabu, maneno machache, bila kunitazama. Mjerumani akasikiliza, akanywa kahawa.

"Lakini mama hajakilalia. Bado ni mbao."

"Mzee, wewe unajua mbao," mzee wa reli akasema. "Mimi namjua mke wangu. Akisikia, atakichoma moto hicho kitanda, na mimi nikiwa juu yake."

"Basi unakikataa?"

"Nitakipeleka wapi?"

"Kama umekikataa ni kuni," Mjerumani akasema, na nilimsikia kwamba imemuuma. "Na kama ni kuni, huyu hajamaliza. Hiyo ni sheria ya kazi, si mimi."

Mzee wa reli akavua kofia, akajikuna. Alikuwa mtu wa haki, hilo nitalisema hata mbele ya kaburi lake. Akasema, "Hebu oneni nilipo. Nikikichukua, kijana ana kazi, lakini mtu aliyelala kitanda cha mke wangu hawezi kuwa mkwe wangu. Nikikiacha, anaweza kuwa mkwe, lakini hana kazi, na mimi nilisema nataka mwenye kazi. Mnataka nifanye nini?"

Akavaa kofia akaenda zake.

"Mzee, ni wewe uliniambia nilale," nikamwambia Mjerumani.

"Nilikuambia ulale. Sikukuambia habari ya ng'ombe."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mzee alikuwa anafunga vyombo vyake katika masanduku, kimoja kimoja, anavipaka mafuta, anavifunika kwa gazeti. Kila sanduku lililofungwa lilikuwa kama mlango unaofungwa mbele yangu. Kitanda kilisimama katikati ya karakana, kizuri, bure. Jioni nikirudi Obunga watu wananiita, "Fundi, habari," na mimi napita.

Halafu asubuhi moja mtu akabisha hodi. Ni yule binti. Alikuwa amevaa leso yake ya sokoni, na harufu ya samaki iliingia kabla yake. Alimsalimia Mjerumani vizuri, akanigeukia kama mtu ambaye hajawahi kuniona maisha yake yote.

"Fundi, hicho kitanda kina mwenyewe?"

"Kilikuwa na mwenyewe."

"Alikikataa kwa nini? Ni kibovu?"

"Si kibovu."

"Sasa kina nini?"

"Kina maneno."

"Maneno hayaliwi na mchwa. Sogea nione."

Nilisogea. Alikigonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, vile wanawake wanavyogonga chungu kusikia kama kina ufa. Alipiga magoti akatazama chini. Alipitisha kiganja kwenye kila ubao. Mjerumani alikuwa ameacha masanduku yake, ametulia kama mtu aliye kanisani.

"Hii pembe," binti akasema. "Ni kali. Mtu akiamka kwenda nje gizani atajigonga muundi."

"Pembe za Wajerumani ziko hivyo."

"Wajerumani wana taa."

Mzee alikohoa, lakini nilijua anacheka. Nikachukua randa ndogo nikaitoa makali ile pembe, na ya upande wa pili, yeye amesimama juu yangu anatazama. Alipapasa tena. Akafungua fundo la leso akatoa pesa za samaki wake mwenyewe, na Mjerumani alizipokea kwa mikono yake, polepole, ili iwe biashara kamili mbele ya Mungu.

"Nitatuma watu wakichukue," binti akasema, "siku nitakapokuwa na mahali pa kukiweka."

Akaenda. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Kitanda sasa kilikuwa chake, si cha mama yake tena, na nilitamani kucheka na kulia.

Kwetu kitanda ni cha mwanamume kuweka. Msichana kujinunulia kitanda lilikuwa jambo ambalo halijasikika, na sokoni walimtafuna wiki nzima. Nilisimuliwa baadaye. Mama mmoja wa kuuza nyanya alimwuliza, "Wewe, unanunua kitanda, na bwana yuko wapi?" Naye akamjibu, "Bwana anapatikana, mama. Mvule ndiyo taabu."

Mjerumani alibaki anatazama mlango aliotokea.

"Huyo," akasema, "ni gelernt."

"Kazi gani, Mzee?"

"Kununua."

Nikasubiri aseme na langu. Mteja amekuja, amekagua, amerekebishiwa, amelipa. Mzee akarudi kwa masanduku yake. Nilipiga moyo konde nikamwuliza waziwazi. Akasema, "Mteja amekubali. Lakini kuna mtu aliuliza swali kabla yake. Swali linajibiwa mbele ya aliyeuliza." Niliona ananitesa. Leo mimi ni mzee kama yeye na ningefanya vile vile.

Kwa sababu mama wa Sondu alikuwa bado anangoja kitanda chake, mzee alifungua sanduku moja akatoa vyombo tena. Alisema hicho cha mama atakitengeneza yeye, na mimi nisishike, nisisaidie, nisitazame.

"Nenda kanunue misumari," aliniambia.

"Vitanda vyako havina misumari, Mzee."

"Ndiyo sababu nenda."

Nilikuwa naketi nje kando ya njia ya reli, mgongo kwa karakana, nasikia mikono yake inafanya kazi. Wapita njia waliniuliza kama nimefukuzwa. Niliwaambia nimo kazini. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na mara kwa mara sauti ilikatika, nikajua ameketi. Sikugeuka. Kama ni kusaidia, nilimsaidia kwa kutogeuka.

Tulikwenda Sondu kwa lori la mbao, kitanda kikiwa vipande vipande nyuma. Mkuu wa safari alikuwa yeye, mimi nilikuwa mtu wa kushikilia kamba. Tulipofika kwenye boma la mzee wa reli, lori lilisimama nje, na mimi nikabaki nalo, kwa sababu mguu wangu haukuwa na ruhusa ya kuvuka geti hilo. Mjerumani hakuwa na mama mkwe upande huu wa dunia. Aliingia. Wanawake walikuja kumpokea vipande, na mimi nikawa natazama magurudumu ya lori kana kwamba nayanunua.

Nikasikia nyundo ya mti ikigonga kabari. Kabari ikiwa haijafika inatoa sauti ya wazi, ikifika sauti inakuwa nzito. Nilihesabu moyoni, zikafika zote. Halafu vigelegele. Halafu nadhani walikuwa wanampa chakula, na mimi sikuletewa.

Mwishowe walitoka mpaka getini. Mzee wa reli, ndugu zake, jagam wangu ambaye alikuwa amefika mapema, na Mjerumani nyuma yao, mdomo unang'aa mafuta ya kuku. Mzee wa reli akasimama upande wake wa geti, mimi upande wangu.

"Mzee," akamwambia Mjerumani, "leo niambie mbele ya watu. Huyu ana kazi au anaonyeshwa?"

Mjerumani alinyooka. Alifunga kifungo cha koti.

"Huyu ni gelernter Tischler."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Ni seremala aliyejifunza akamaliza. Maana yake, ukimkuta anaendesha lori, ni seremala. Ukimkuta analewa barabarani, ni seremala mlevi. Ukimpa kazi mbovu atakataa. Mimi nikienda kwetu siendi nayo, ni yake. Hakuna mtu anaweza kumnyang'anya."

"Hata mke wangu?"

"Huyo simjui vizuri."

Ndugu zake walicheka. Na hapo, nyuma ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe tunayozungushia boma, ikatoka sauti ya mwanamke ambaye sikumwona na sikupaswa kumwona.

"Mwambieni huyo fundi wa ng'ombe wawili," ilisema, "kwamba nitalala vizuri."

Kumbe mume wake alikuwa amemwambia yote. Nilitazama ardhi, kama inavyotakiwa, na ardhi yenyewe nilikuwa siioni. Jagam alinisukuma kwa kiwiko nijibu. Nikamwambia, "Mwambieni mama ero kamano." Ni asante kwa lugha yetu, na ndilo jambo la kwanza mimi na mama mkwe tulilozungumza. Tuliendelea hivyo, kupitia kwa watu wengine, mpaka alipofariki, na katika maisha yangu sijapata rafiki aliyenichekesha kama yeye.

Ng'ombe wa mahari walipelekwa mwaka huo. Kitanda kilitoka karakana kikaja Obunga kwenye chumba changu, na ilibidi tutoe meza ili kiingie.

Mjerumani aliondoka kwa treni, na nilimbebea sanduku lake. Benchi aliniachia, na randa zote, na mawe ya kunolea. Patasi moja tu alikwenda nayo mfukoni. Nilimwuliza atafanya nayo nini, na magoti yale. Akasema hajui, lakini mkono unataka kushika kitu. Hakuniandikia, na mimi wakati huo sikuwa mtu wa kuandika. Nilihuzunika kwake kuliko nilivyohuzunika kwa watu wengi wa damu yangu.

Wengi wamepita mikononi mwangu tangu hapo. Wanakuja wanasema wanajua kazi yoyote. Nimewafundisha kwa njia yake, kwa kimya na matusi kidogo, na mwisho wa kila mmoja kuna kitu kimoja na mteja wa kweli. Waliofika niliwaambia hilo neno kwa Kijerumani, vile nilivyoambiwa, na nikawaeleza maana yake kwa Kijaluo. Baadhi yao sasa wanauza simu, wengine wako bandarini. Wakija kunisalimia nawatambulisha kwa wageni kama maseremala, na hawanikatizi.

Leo nina karakana yenye mashine ya kupasua mbao. Nina nyumba za kupangisha Migosi, zenye maji ndani. Nina shamba la baba, ambalo maji yaliliacha, na nyumba ya matofali juu yake. Nina duka la mbao mjini, na mwanangu wa pili ndiye anakaa hapo. Nina pikapu, si mpya. Nina ng'ombe wa maziwa na wengine wa kienyeji. Kuku ni wa mke wangu.